Ndoo Hupima Bomba, Sabuni Hupima Shawa

Ukiingia katika duka lile la vifaa vya ujenzi ukaomba shawa, mwanamke wa kaunta hakuonyeshi shawa. Anakuuliza swali.

"Ndoo yako inajaa kwa muda gani?"

Wateja wengi hudhani hawakusikia vizuri. Mtu amekuja na picha kwenye simu, ameiona shawa pana kama sinia katika hoteli fulani, ameshaipenda, na sasa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi anamwuliza habari za ndoo. Wapo wanaocheka. Wapo wanaokasirika. Bwana mmoja aliwahi kumwambia, "Mama, nimekuja kununua kitu cha kuogea, sikuja kuposa." Naye akamjibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye kisanduku alichokuwa akikifungua, "Hata anayeposa huulizwa ana nini nyumbani, baba."

Mafundi bomba ndio waliompa jina la Mama Ndoo. Walilitoa kwa kejeli, likamganda, na kadiri miaka ilivyopita likageuka kuwa heshima ya namna fulani. Mume wake, fundi cherehani anayeshonea barazani kwao, humwita hivyo anapotaka kumchokoza.

Swali lenyewe lina maana. Mtaa wote wa juu umejengwa mlimani, na maji ya mabomba ya mji hayapandi huko ila alfajiri, mara mbili kwa wiki. Kwa hiyo kila nyumba ina tangi juu ya paa, na kinachosukuma maji bafuni ni uzito wake yenyewe yanaposhuka. Tangi likiwa juu sana, maji hushuka kwa hasira. Lakini wajenzi wa mtaa ule huliweka tangi palepale juu ya dari ya bafu, maana ndipo penye zege, na kutoka hapo hadi utosini mwa anayeoga ni kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Maji yanayoshuka kimo hicho hayana hasira. Yana adabu tu.

Ndiyo maana Mama Ndoo anataka hesabu. Nenda nyumbani, anasema, fungua bomba la bafuni likiwa tupu, bila shawa, tega ndoo ya lita kumi, hesabu sekunde. Ikijaa kabla ya nusu dakika, chagua unachopenda, hata ile ya hotelini. Ikipita nusu dakika, utachukua ninayokupa mimi. Ikipita dakika moja na nusu, sikuuzii shawa hata ukipiga magoti. Nunua kwanza bomba nene zaidi, au lipandishe tangi.

Hayo hakujifunza chuoni. Shule aliishia darasa la saba. Aliingia dukani pale kufagia, akapandishwa kupanga rafu, na siku moja, muuzaji alipougua, Tajiri, mwenye duka, akamwambia asimame kaunta hadi jioni. Jioni hiyo ina miaka kumi na tisa sasa. Mwenyewe anasema pale kaunta ndipo mahali pa kwanza ambapo mtu mzima alisimama mbele yake, akamtazama usoni, akamwuliza: wewe unaonaje? Alikuwa na miaka ishirini na sita, na hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo, nyumbani wala shuleni.

Elimu ya shawa aliipata bafuni kwake. Miaka kumi na miwili iliyopita mama mkwe wake, anayeishi nao, aliumia kiuno akawa hawezi tena kuinamia ndoo. Mama Ndoo akamnunulia shawa pana, ile nzuri kuliko zote dukani, na fundi akaja kuifunga. Bibi akaingia bafuni na kiti chake cha plastiki. Akafungua maji. Kisha ikasikika sauti yake:

"Mwanangu! Hii ni mvua, au kuna mtu analia huko juu?"

Mama Ndoo aliona aibu kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akilia. Jioni ile aliishusha ile shawa, akaiweka juu ya meza ya jikoni, akaifungua kwa bisibisi ya cherehani ya mumewe. Alihesabu matundu kwa sindano: mia moja arobaini na manne. Maji yao hayakutosha hata thuluthi ya matundu hayo. Yaliyobaki yalikuwa mapambo. Halafu, ndani ya shingo ya shawa, akakuta kisahani cha plastiki cha rangi ya kijani, kidogo kuliko kitufe cha koti, chenye kitundu kimoja katikati, kama punje ya mtama.

Alimwuliza fundi aliyeifunga. "Hiyo ni ringi ya kuzuia kuvuja," fundi akasema. "Ukiitoa itavuja." Aliwauliza mafundi wengine watatu, wote wakajibu hivyohivyo, kwa maneno yaleyale, kama watu waliofundishwa na mwalimu mmoja. Mama Ndoo akaitoa. Haikuvuja. Ilichukua wiki nzima ya kukigeuzageuza kile kisahani vidoleni ndipo akaelewa. Kimetengenezwa na watu ambao maji yao yana mbio, ili kuyapunguza yasimwagike ovyo. Ni breki. "Huko kwao maji yanakimbia, yanahitaji breki," alimwambia mumewe. "Kwetu yanatambaa, na sisi tunayafunga breki."

Tangu siku ile akawa na desturi yake. Kila shawa anayoiuzia nyumba ya mtaa wa juu huifungua palepale kaunta, hukitoa kisahani kwa sindano, huipuliza shingoni kwa mdomo kuhakikisha njia ni nyeupe, kisha hukitia kile kisahani katika kifuko kidogo cha nailoni na kukibana ndani ya kisanduku. Mali ya mteja ni mali ya mteja. Hakutaka mtu aseme kwamba duka lile linachomoa vitu.

*

Mwaka huu mambo yaliharibika kwa sababu ya shehena.

Tajiri wake ni mtu mwema mwenye udhaifu mmoja: hupenda vitu vinavyong'aa. Alisafiri, akaona shawa za mraba, pana, zinazong'aa kama kioo, akaagiza makasha yakapangwa kutoka sakafuni hadi darini, hata dirisha moja likazibwa. Na kila aliyekuja kuzitazama, Mama Ndoo alimrudisha nyumbani akahesabu. Wengi wa mtaa wa juu walihesabu, wakarudi kununua ndogo. Wengine hawakurudi kabisa. Asubuhi moja walipotoka watatu mfululizo mikono mitupu, Tajiri alimwita pembeni.

"Mama, hili ni duka au zahanati? Mbona kila anayeingia anapimwa kwanza?"

"Tajiri, tukiuza bila kupima, zinarudi." Akamwonyesha rafu ya chini kabisa, ambako shawa zilizorudishwa na wateja hulala na vumbi. Wafanyakazi huiita makaburini.

"Na zirudi! Zikirudi tutaongea. Hizi hata kwenda hazijaenda."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtia Mama Ndoo hofu. Tajiri akaendelea, polepole. Alhamisi anakuja matroni wa shule ya bweni ya wasichana, ile ya kileleni. Anataka shawa za vyumba kumi na viwili vya kuogea. "Ukimrudisha na huyu, Mama, Jumatatu unahamia stoo ya nyuma, kwenye misumari. Huko hakuna wa kumwuliza maswali."

Mama Ndoo alitazama mlango wa stoo. Ni chumba kisicho na dirisha, chenye mizani na koleo. Anayefanya kazi humo hupokea karatasi kupitia kitundu cha mlango, hupima kilo, hurudisha mfuko. Haonekani na mtu, wala haulizwi anaonaje.

Alhamisi matroni akaja. Alikuwa mrefu, amefunga kiunoni mkufu wa funguo uliomtangulia kwa sauti kabla hajafika, na nyuma yake alifuatana na fundi bomba wa shule, mzee wa makamo anayeitwa Injinia kwa sababu ya penseli isiyotoka sikioni. Kabla Mama Ndoo hajafungua mdomo, matroni alisema:

"Sekunde hamsini."

"Samahani?"

"Ndoo ya lita kumi, bomba tupu, sekunde hamsini. Niliambiwa kwako mtu haongeleshwi kabla hajahesabu."

Mama Ndoo anakiri kwamba alimpenda mwanamke yule papo hapo.

Matroni akaeleza. Wasichana mia moja na ishirini, muda wa saa moja tu wa kuoga asubuhi, vyumba kumi na viwili. Miaka yote wamechota maji kwa ndoo kutoka bomba la uani na kupanda nayo ngazi. Mwezi uliopita msichana mmoja aliteleza ngazini na ndoo yake akavunjika mkono. "Nimewaahidi muhula huu ndoo basi. Nipe kitu kitakachoondoa sabuni. Sitaki urembo."

Tajiri alikuwa amesimama kando, kisanduku cha shawa ya mraba mkononi, tabasamu tayari. Mama Ndoo alijua kilichokuwa nyuma ya tabasamu lile. Hata hivyo alimgeukia matroni. Kisha akasema, "Hizi za mraba, mama, si zenu."

Tabasamu la Tajiri likashuka kama pazia.

Injinia ndiye aliyeruka kwanza, maana ni yeye aliyeshazichagua. "Si zetu kivipi? Shawa pana ina matundu mengi. Matundu mengi, maji mengi. Hiyo ni hesabu ya darasa la pili."

"Mkate ukiukata vipande vingi, fundi, unaongezeka?"

"Sasa mkate umeingiaje bafuni?"

"Umeingia na darasa la pili."

Matroni aliinua mkono kama anayenyamazisha bweni. "Mimi ni mtu wa mitihani," alisema. "Nipeni moja pana na moja yako. Injinia azifunge vyumba viwili vya jirani, tangi moja. Jumamosi asubuhi tutaona. Itakayoshinda, nachukua kumi na mbili, na hapa dukani kwenu."

Tajiri alikubali haraka. Biashara ilikuwa bado hai. Lakini matroni alipoinama kutazama mabomba, Tajiri alimsogelea Mama Ndoo sikioni. "Jumamosi, basi. Au kaunta, au misumari."

Mama Ndoo alichukua muda wake kuchagua. Alitoa shawa ndogo, ya ukubwa wa kisosi, yenye matundu thelathini na sita yaliyokaa karibu karibu ili maji yatoke yameshikana. Kisha koki. Alizijaribu tano, moja moja, akizifungua na kuzielekeza mlangoni na kuchungulia ndani kwa jicho moja. "Usipoona mwanga," alimwambia matroni, "maji nayo hayaoni njia." Koki nne kati ya zile tano zilikuwa na tumbo pana na koo jembamba. Ya tano ilionyesha mtaa mzima, hadi mwuza magazeti ng'ambo ya barabara.

Akamgeukia Injinia. "Na mabomba umeyatoa ukutani kwa urefu gani?"

Injinia akaonyesha kwa mkono, juu ya kichwa chake na nusu ya mkono tena.

"Wanaoga twiga? Yashushe futi moja. Kila unapoiteremsha shawa mbali na tangi, maji yanaongeza mbio bure."

Injinia akaitikia kwa kichwa, akinung'unika. Mama Ndoo akaifungua shawa ndogo, akakitoa kisahani cha kijani kwa sindano, akaipuliza, akakitia kisahani katika kifuko, akakibana ndani ya kisanduku, akamkabidhi Injinia. Zile za mraba hazikuja na kisahani. Hilo alikuwa amelihakikisha siku zilipofika. Alitaka kushinda kwa haki.

Ijumaa jioni hakula vizuri. Mumewe alisimamisha cherehani mara mbili kumtazama. Mama mkwe, kutoka kwenye kiti chake, alisema, "Nipelekeni mimi huko shuleni. Kiuno changu ndicho shahidi wako."

"Mama, ni mtihani wa shawa, si mahakama."

"Mahakamani angalau wanakupa kiti," akajibu bibi.

*

Bafu la shule ni jengo refu la zege, vyumba kumi na viwili kwa mstari, kila kimoja na mlango wa kijani usiofika chini. Ndoo zilikuwa zimerundikwa pembeni, moja ndani ya nyingine, kama mnara. Wasichana wapatao thelathini walikuwa wamekaa juu ya ukuta mfupi wa uani, hawakualikwa na hawakufukuzwa. Tajiri alikuja na viatu vilivyopigwa rangi, akawa anaruka vidimbwi.

Injinia alianza na ya mraba. Alifungua koki kwa madaha, akarudi nyuma. Ndani ya ule mraba wote unaong'aa, maji yalitoka katikati tu, nyuzi nyuzi, nyingine zikitambaa kwenye chuma na kudondokea kwenye kona kama zimejuta.

"Inatema mate!" sauti ikatoka ukutani.

"Kimya!" akasema matroni. "Ndoo."

Injinia akatega ndoo. Sekunde sitini. "Mnaona?" alisema Injinia. "Bomba tupu hamsini, yangu sitini. Imepunguza kidogo tu." Na ilikuwa kweli. Matroni aliandika.

Wakahamia chumba cha pili. Mama Ndoo mwenyewe alifungua koki. Alisubiri ile sauti anayoijua, kama kitambaa kipya kinachopasuliwa. Haikuja. Zilitoka nyuzi chache dhaifu, zikainama, zikaanguka karibu na ukuta. Ndoo ikategwa. Dakika moja. Mbili. Wasichana wakanyoosha shingo kutazama. Ilipofika dakika tatu na sekunde ishirini ndipo ndoo ikajaa, na matroni akaandika bila kumtazama.

"Ooooh," ukuta ukasema.

Tajiri hakufurahi. Alimkaribia na kusema kwa upole uliouma kuliko kelele, "Misumari si mibaya, Mama. Haina maneno. Utapumzika."

Masikio ya Mama Ndoo yalikuwa ya moto. Angeweza kuondoka. Aliiona stoo, aliuona ule mlango wenye kitundu. Lakini mtu aliyezoea kuuliza swali moja kwa miaka kumi na miwili hawezi kuacha kuliuliza siku ya msiba wake. Bomba tupu lilikuwa sekunde hamsini. Likishushwa futi moja, lazima sekunde zipungue. Shawa aliipuliza mwenyewe kaunta, njia ilikuwa nyeupe. Sasa ndoo imekula sekunde mia mbili. Maji hayapotei njiani kama nauli ya mtoto. Kuna kitu kimeyashika.

"Fundi, nipe spana."

"Mtihani umeisha, Mama."

"Haujaisha. Hamjapima bomba la chumba hiki likiwa tupu."

Matroni, mtu wa mitihani, aliitikia kwa kichwa. Mama Ndoo akaifungua shawa, akaiweka kando, akatega ndoo chini ya bomba tupu. Wasichana wakahesabu kwa sauti bila kuombwa. "...arobaini na tatu, arobaini na nne!" Ndoo ikafurika.

"Basi bomba halina kosa," alisema. "Kosa limo humu." Akavaa miwani, akaigeuza shawa, akachungulia shingoni. Kutoka ndani, kitu cha kijani chenye tundu moja kilimtazama kama jicho la chura.

Akaiinua wote waione. "Nani amekiweka hiki?"

"Mimi," akasema Injinia, akijivuna. Kisha akashusha sauti, kwa huruma ya kweli. "Uliisahau ringi yako kwenye kifuko, Mama. Nikakuwekea. Nikasema nimsitiri mwenzangu, asiaibike na kuvuja mbele ya tajiri wake."

Mama Ndoo alifungua mdomo kumkemea, akashindwa. Mtu huyu alikuwa amemtendea wema. Na kifuko kilikuwa chake yeye. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amewapa watu breki zao mkononi bila neno hata moja, kwa sababu ya uaminifu wake mwenyewe. Ni wangapi wameshazirudisha? Akaanza kucheka, kwanza kwa tumbo, kisha kwa sauti.

"Fundi, kosa ni langu. Nusu."

"Na nusu nyingine?"

"Itafute kwenye penseli yako."

Aliichomoa sindano kwenye ukosi wa gauni, akakitoa kisahani.

"Itavuja," Injinia alionya, akijisogeza nyuma.

"Ikivuja, naenda kwenye misumari kwa miguu yangu."

Akaifunga shawa, akakaza, akafungua koki. Sauti ndiyo iliyotangulia: kitambaa kipya kinapasuka. Maji yakatoka yameshikana, fungu moja lenye nguvu, yakapiga sakafu katikati ya chumba na kurudi juu hadi kwenye suruali ya Tajiri. Shingoni hapakuvuja tone. Ndoo ikategwa, sekunde sabini.

"Sabini!" Injinia akapata nguvu mpya. "Yangu sitini. Bado nimekushinda kwa kumi."

Ukuta ukaguna. Hata matroni aliinua kalamu.

"Ndoo hupima bomba, fundi," alisema Mama Ndoo. "Shawa hupimwa kwa sabuni. Mwenye sabuni?"

Vikatoka vipande saba vya sabuni mifukoni mwa wasichana kabla hajamaliza kusema. Matroni akachagua wawili waliokuwa na nguo za michezo: kiranja wa bweni, mwenye nywele nyingi kama kichaka, na rafiki yake mwenye nywele fupi. Mama Ndoo akasisitiza kiranja aingie kwake. "Nipeni mzigo mzito," alisema.

Wakajipaka povu kichwani hadi mikononi, milango ikaachwa wazi, matroni akasema anza.

Chini ya ile ya mraba, msichana wa nywele fupi alianza kuzunguka. Aliukimbilia uzi huu, ukakoma, akaukimbilia ule. "Yako wapi?" alilia, macho amefumba. "Mbona yananikimbia?" Wenzake walikuwa wakianguka ukutani kwa kicheko. Katika chumba cha pili kiranja alisimama tuli, akainamisha kichwa mara moja, akageuka mara moja, akatoka. Sekunde arobaini. Matroni akamshika kichwa, akachambua nywele kwa vidole kama anayetafuta chawa. Hapakuwa na povu.

Mwenzake alikuwa bado na sabuni masikioni. Hakungoja kuitwa. Alipapasa ukuta, akaingia chumba cha pili, akamsukuma Tajiri aliyekuwa mlangoni. "Nipishe, baba!"

Hapo nidhamu ya shule ikavunjika. Wasichana walishuka ukutani wakapanga foleni na sabuni zao. Matroni angeweza kuizuia kwa neno moja. Badala yake alifunga daftari. Alivua viatu, akavua saa, akaufungua mkufu wa funguo kiunoni na kumkabidhi Tajiri kama anayemkabidhi mtoto mchanga, kisha akaingia chini ya maji na gauni lake lote. Kelele za wasichana zilisikika hadi barabarani. Kutoka ndani ya maji ikatoka sauti yake, ile ya gwaride la asubuhi:

"Kumi na mbili! Andika kumi na mbili!"

Tajiri hakuwa na kalamu. Injinia alichomoa penseli sikioni, kwa mara ya kwanza watu wakaliona sikio lake lote, akampa.

Injinia mwenyewe alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kile kisahani cha kijani kwenye kiganja. "Miaka ishirini na mbili," alisema. "Mji mzima, Mama. Nimewafunga breki mji mzima, na nikawaambia ni ringi."

"Basi una kazi ya kutosha," alimjibu Mama Ndoo. "Anza na mtaa wako."

*

Jumatatu aliwahi kufika dukani kuliko siku zote, mkoba umeshikwa kwa mikono miwili. Mlango wa stoo ya misumari ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Juu ya kaunta palikuwa na ndoo mpya ya lita kumi, na ndani yake saa ya kuhesabia sekunde. Tajiri alikuwa akijifanya anapanga rangi.

Hakusema samahani. Matajiri wa maduka hawana mazoea hayo. Alisema, "Na hizi za mraba tutazifanyaje? Nizile?"

Mama Ndoo alikuwa na jibu tangu Jumamosi. "Hazina kosa, Tajiri. Zimekosea nyumba tu. Mtaa wa chini, bondeni, maji ya mji yanafika moja kwa moja, ndoo zao zinajaa kwa sekunde ishirini. Huko zitanyesha kwelikweli." Akachukua kalamu ya wino mzito akaandika juu ya kasha la kwanza: CHINI YA NUSU DAKIKA. Mwezi ulipoisha, lile dirisha lililozibwa lilikuwa limeanza kuingiza mwanga.

Vifuko vya nailoni bado anavibana ndani ya visanduku, maana mali ya mteja ni mali ya mteja. Ila sasa kila kimoja kina karatasi yenye mwandiko wake: *Hii ni breki. Usiirudishe.* Injinia naye hupita nyumba kwa nyumba na spana yake, na kila Ijumaa humletea kopo la visahani. Huvimimina juu ya kaunta kwa kelele, kama mvuvi anayemwaga samaki, na kusubiri asifiwe.

Wiki iliyopita aliingia bwana mmoja na simu mkononi, picha tayari, akaelekea kaunta. Mama Ndoo alikuwa ameinama juu ya shawa mpya, sindano mkononi. Kabla hajamwuliza swali lake, sauti ikatoka upande wa rangi.

"Kwanza, bwana," alisema Tajiri, "ndoo yako inajaa kwa muda gani?"

Mama Ndoo hakuinua kichwa. Alikuwa amefika tundu la thelathini na moja, na hakutaka kupoteza hesabu.